Chumba cha Nyuma kwa Mama Soli

Mtaa wa Nyuma ya Soko,
Mlango wa bluu, juu ya duka la vyombo,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo nyingi, pokea kwa mikono miwili. Goti lako linasemaje? Na lile jicho linalotoa machozi ukitia uzi kwenye sindano, limepona au bado unaligombeza? Sisi huku tu wazima, wazima kupita kiasi, ungetuona ungedhani tumekunywa kitu.

Picha za harusi najua zimekufikia. Lakini picha hazisemi, Shangazi. Mume wangu. Tazama neno lenyewe lilivyokaa vizuri kwenye karatasi. Nitaliandika mara nyingi humu, univumilie. Asubuhi huamka kabla yangu, hupiga brashi viatu vyangu, kisha huvipanga mlangoni vikielekea nje, ili nikitoka nitumbukize miguu tu. Ni fundi viatu, na kibanda chake kinatazamana na ofisi yetu. Nikiinua macho namwona, naye akiinua macho ananiona. Mwajiri wangu analalamika kwamba tangu niolewe matangazo ninayoandika yana vyumba vilivyojaa mapenzi na havina madirisha.

Huyo mwajiri ni dalali wa nyumba. Mtaa unamwita Asilimia, kwa ile sehemu anayokata kila nyumba inapouzwa. Mimi naandika matangazo na kuwapeleka wateja wakaone nyumba. Kwa hiyo habari za bei za mji huu ninazo mkononi, na leo ndizo hasa ninazotaka kukupa, maana zimo habari zako ndani yake.

Mji uliokufukuza ukiwa unapanda, sasa unashuka. Ng'ambo ya reli wamejenga maghorofa yenye lifti, yote kwa wakati mmoja, na kila aliyejenga aliamini kodi itapanda milele. Sasa madirisha yako wazi, hayana hata pazia. Wenye maghorofa wanasamehe kodi ya mwezi wa kwanza, wanabembeleza wapangaji kama watoto wagonjwa, na watu wa mtaa wetu wa zamani wamehamia huko. Mtaani kule mageti yamejaa karatasi za "Nyumba inauzwa". Moja nililiona lina karatasi tatu zimebandikwa moja juu ya nyingine, kila ya juu ikiwa na bei ndogo kuliko ya chini yake. Wanunuzi nao wanasubiri. Kila wakisubiri, bei inateremka kidogo.

Na Mama Soli alitaka kuuza.

Ndiyo, yeye mwenyewe, mwenye nyumba yetu. Unakumbuka tulivyompa jina hilo, kwa jinsi alivyokuwa akipanga kodi kwa kutazama viatu vya mtu. Mwenye kiatu kipya, bei juu; mwenye kisigino kilichoisha, bei chini, mpaka atokee mwenye kipya. Mimi sijasahau siku yule bwana aliposimama getini na viatu vya ngozi vikilia kwiki kwiki akiulizia chumba, na kufika jioni kodi yako ikawa imepandishwa maradufu. Ulimwomba akuachie mpaka nimalize mitihani. Kabati letu lilikuwa tayari uani, nawe umekaa juu ya godoro lililokunjwa, na ndala zako zile, ya kushoto kamba yake imefungwa waya. Alizitazama ndala, hakukutazama wewe. Akasema, "Mji unapanda, dada. Wenye ndala washuke."

Tangu siku hiyo unalala nyuma ya pazia sebuleni kwa Baba Mdogo, unasubiri watu wamalize maongezi ndipo utandike. Katika barua zako husemi, lakini mimi nimelelewa na wewe, najua unavyonyamaza.

Basi alipoingia ofisini kutaka tumuuzie nyumba, niliinamisha uso kwenye karatasi zangu. Nilidhani atanitambua. Hakunitambua, Shangazi. Miaka yote ile niliishi uani kwake na hajawahi kunitazama usoni. Alitazama viatu vyangu, akaviona vinang'aa, akaniita mama. Alikuwa amelipa malipo ya awali ya fleti ng'ambo ya reli, yenye lifti, na alipewa muda wa kuuza huku amalizie kule.

Kila dalali wa mji huu anaijua tabia yake. Mteja akipelekwa kwake huambiwa kwanza: nenda na ndala, nenda na vumbi, ukivaa vizuri atakupandishia. Asilimia aliniagiza niwaambie wateja wote hivyo, na ndiyo kazi yangu.

Sikuwaambia. Na sikuishia hapo. Kila mnunuzi aliyekuja nilimwomba apite kwanza kwa mume wangu ang'arishiwe viatu, bure, heshima ya ofisi. Wakatoka pale na viatu unavyoweza kujitazamia ukachana nywele. Sikumdanganya mtu hata neno moja. Nilikuwa mkarimu tu.

Wa kwanza alikuwa mwenye duka la dawa. Alikubali bei iliyotangazwa, akanyoosha mkono wa kukata shauri. Mama Soli akatazama chini, akaona vile viatu, akasema bei ile ilikuwa ya mwezi uliopita. Yule bwana akarudisha mkono mfukoni, akaenda kununua kwa jirani. Wa pili, mwalimu na mkewe, hivyo hivyo. Asilimia hakupoteza kitu, maana wote aliwauzia nyumba nyingine na sehemu yake akakata. Mama Soli ndiye alibaki na nyumba yake, na kila mwezi ilizidi kuwa rahisi.

Wa tatu alikuwa nesi mstaafu. Huyu alirudi kwa mume wangu na hasira, akamwambia viatu vyake ndivyo vilivyomponza. Mume wangu alivuka barabara, akaniuliza kuna nini. Nikamweleza yote: kabati, godoro, waya kwenye ndala. Mtu mpole kama yule, nilijua ataniona mwanamke mwenye roho mbaya kabla hata maua ya harusi hayajakauka.

Alijifuta rangi vidoleni. Akaniuliza, "Kumbe fimbo yenyewe ni mimi?"

Nikamwambia ndiyo, mpenzi, ni wewe. Akarudi kibandani, akakaa kwenye kigoda chake, akafungua kopo jipya la rangi ya viatu. Shangazi, watu husema ndoa ni pete na cheti. Mimi nilijua nimeolewa pale, nilipomwona akilifungua lile kopo.

Wanunuzi wakaendelea kwenda wanang'aa na kurudi wamekunja uso, hadi wakaisha. Muda wa fleti ukapita, malipo ya awali ya Mama Soli yakapotelea kulekule ng'ambo. Akaanza kuzunguka kwa madalali wengine kwa miguu, na hao wakamtajia bei ambayo zamani angewafungulia mbwa. Niliitafuta huruma moyoni mwangu, niseme kweli, kwa kuwa ulinifundisha. Nilikuta njaa tu, na nikala nikashiba.

Wiki iliyopita alikuja kibandani na viatu vyake mwenyewe, soli imeachia, kidole kinachungulia. Nilimnong'oneza mume wangu aache msumari mmoja mdogo ndani, mdogo tu, wa kumkumbusha. Alikataa. "Kiatu hakina kosa," alisema, akavishona kwa uzi mara mbili, vikawa imara kuliko vilivyotoka kiwandani. Hapo sikumwelewa, lakini nilimpenda hivyo hivyo.

Akisubiri viatu vyake, peku, Mama Soli alinieleza kwamba ameacha kuuza, sasa anataka wapangaji. Kile chumba cha nyuma, chetu cha zamani, chenye dirisha la kutazama uani, kimekaa kitupu muda mrefu, hata panya wamehama. Nikamwambia ninaye mpangaji, mama mmoja mtulivu, lakini atalipa kodi ileile iliyokuwa ikilipwa pale kabla mji haujapanda, hapandishiwi, na iandikwe. Akauliza, kama kawaida yake, "Anavaa viatu gani?"

Nikamjibu, "Ndala."

Ungeuona uso wake. Alimeza mate kama mtu anayemeza kidonge bila maji, akasema aje. Juzi tuliandikiana mkataba na kutia saini, na ufunguo uko hapa mezani pembeni ya karatasi hii. Mume wangu ameshapaka chumba rangi. Amepiga na rafu ya cherehani yako chini ya dirisha, ili jicho lipate mwanga.

Kwa hiyo funga mzigo, Shangazi wangu. Nimekataa kukupokea mimi getini. Nataka akufungulie Mama Soli mwenyewe, kwa mkono wake.

Na jambo moja nakuomba, usinunue viatu vya safari. Kama bado unazo zile ndala, ya kushoto yenye waya, vaa hizo. Uso wako hataukumbuka. Ndala atazikumbuka.

Nisalimie Baba Mdogo na mkewe, waambie pazia lao walifue, halitahitajika tena. Bibi mbusie mikono yote miwili, na yule Kigugumizi wetu mdogo mwambie shemeji yake anamshonea mpira. Mungu akutangulie njiani, akuepushe na vumbi la kila mahali isipokuwa la miguuni. Hilo njoo nalo mpaka getini.

Wako akupendaye, aliyelala miaka yote ile upande wa ukuta kwenye kitanda chako,

Binti wa kaka yako, ambaye sasa ni mke wa fundi viatu.