Puto Ambalo Hatukulirusha

Mdogo wangu,

Pokea salamu huko ulikojificha. Natumaini u mzima, maana Mama hana swali jingine. Yeye anasumbuliwa na presha tu. Mimi nimeshonwa kichwani na sikio moja linavuma, lakini siku zinasogea.

Kile kitu cha ajabu kilichoelea juu ya mji ulikiona mchana kweupe, kama sisi sote. Waziri alipotangaza redioni kwamba ni puto letu la hali ya hewa, sisi wa kituo cha hali ya hewa tuliangua kicheko ofisini. Puto gani, na gesi ilishatuishia? Wakaja wawili wenye suti kumtaka Mzee, mkuu wetu wa kituo, athibitishe kwa sahihi. Akawajibu kwamba hajui kilikuwa nini, ila puto si lake, na aliyetangaza ndiye atie sahihi. Mmoja akamzaba kofi mbele yetu. Mzee akaokota miwani yake, akasema atawaeleza wananchi mwenyewe.

Kesho yake ndipo mkaja kwa mamia, mkipiga kelele tuache uongo, tuonyeshe picha za kitu chenyewe. Wallahi, moyoni nilikuwa upande wenu. Mzee alisema anayedai ukweli haogopwi, akatoka kuwapokea. Hakumaliza hata ngazi. Jiwe lilimvunja taya. Akawa anajaribu kuwaambia, inatoka damu tu. Mkamburuta kwenye changarawe. Mama wa chai alipomlalia kumkinga, mkamvunja mbavu. Dirisha likanipasukia usoni, na bado niliona nondo ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, mpaka kichwa cha Mzee kikapondeka. Wanyama nyie!

Aliyeishika ni wewe. Nilikuona vizuri, hata ulivyokuwa unahema.

Sasa imeundwa tume, na kesho natoa ushahidi hadharani. Mama amenipigia magoti niseme sikuona kitu, damu ni nzito kuliko maji. Nimelia mpaka nimechoka. Lakini nikikuficha wewe, nitamwita Waziri mwongo kwa mdomo gani? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nitasema yote mawili: puto hatukulirusha, na aliyemuua Mzee ni mdogo wangu wa tumbo moja. Sikutaka ulisikie kwanza redioni.

Nakupenda, mjinga wewe. Jisalimishe kabla askari hawajakufuata, maana na wao wana nondo zao.

Nyumba nzima inakusalimu.

Ni mimi dada yako,
niliyekubeba mgongoni.