Ujumbe Usio na Tusi

Mwanahawa, mtani wangu,

Habari za huko siulizi, najua utanijibu kwa maringo. Sisi huku Mikumi hatujambo. Ofisi yetu iko palepale nyuma ya stendi, bati linavuja upande wa meza yako kama kawaida, na mimi nakaa upande wangu, ingawa sasa meza zote mbili ni zangu. Sijazoea. Kuna asubuhi nafungua mlango na kusema kwa sauti, "Wasagara mmeamkaje?" kabla sijakumbuka.

Nakuandikia kwa sababu nimefungua kompyuta yako. Usikasirike. Najua hukutaka niiguse. "Mikono ya mkonge hiyo, itakwaruza kioo," ulikuwa unasema, eti kwa sababu babu yangu alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge Kimamba. Kana kwamba babu yako alikuwa karani wa gavana! Lakini ilibidi, Mwanahawa. Kompyuta ilijisasisha yenyewe, na ile programu uliyoitengeneza ya kuwaarifu wakulima wa miwa wa Kidodi siku ya lori ikagoma. Unajua mwenyewe mambo yalivyo. Mkulima akikata miwa na lori lisije, miwa inakaukia shambani. Lori likija hajakata, linageuza, na zamu yake imempita. Nikawa napiga simu kwa mmoja mmoja mpaka sauti ikaniisha. Huyu hapatikani, yule simu anayo mkewe, na mkewe yuko mnadani. Msimu ukawa unafunguliwa, na viongozi wa chama cha wakulima wakaanza kunong'ona kwamba kama nimeshindwa, kazi ipewe watu wa Morogoro. Kazi yako, uliyoianza kwa simu mbovu na ubishi. Nikasema liwalo na liwe.

Siku hizi kuna msaidizi wa akili mnemba anayekaa ndani ya lile dirisha lako jeusi, lile la maandishi matupu, lisilo na picha wala kitu cha kubonyeza. Unamwandikia unachotaka, naye anaingia kwenye mafaili na kuyatengeneza. Unajua nilivyolichukia dirisha hilo. Wewe ulikuwa unalichapa huku unatafuna muhindi wa kuchoma, ukinitania kwamba kipanya ni cha watu wanaoogopa maneno.

Kumsimika tu kulinitoa jasho. Nilinakili amri kutoka kwenye maelezo, dirisha likajibu kwamba haliitambui. Nikarudia, likajibu vilevile. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha, nikaenda kunywa chai, nikarudi na Bismillahi. Wapi! Kumbe nilikuwa nanakili hadi ile alama ya dola inayotangulia, ambayo haiandikwi. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini, halafu ungewasimulia stendi nzima.

Alipokubali kuamka, nikamsalimia. Ndiyo, nilimsalimia, ningeanzaje kumtuma mtu sijamjulia hali? Nikakwama kwanza: nimwamkie au aniamkie yeye? Nikaona salama ni habari za asubuhi. Akajibu vizuri. Nikamuuliza za nyumbani, akasema yeye hana nyumbani lakini anashukuru kwa kuulizwa. Nikamwonea huruma kidogo.

Kisha akaniuliza kama naiamini folda niliyomfungulia, yaani yako. Mwanahawa, nilibaki naliangalia swali lile. Mafaili yote mle ni ya mkono wako. Nikachagua ndiyo, nikaondoka mezani nikaenda kusimama mlangoni mpaka macho yakakauka.

Mwanzo alikuwa na adabu ya mkwe aliyefika ukweni mara ya kwanza. Nifungue hili? Nisome hili? Nibadilishe hapa? Kila hatua anasubiri ruhusa. Mimi na uvivu wangu nikachoka. Palikuwa na chaguo la kumwambia ndiyo na asiniulize tena, nikalichagua. Kufumba na kufumbua, programu ikafanya kazi. Aliniandikia na muhtasari wa aliyoyafanya, ila nilikuwa na furaha mno kuusoma. Nikatuma ujumbe wa lori, nikajiona fundi.

Siku ya lori, dereva akanipigia kutoka Kidodi, anafoka. Shamba la mzee Maganga miwa imesimama wima. Kwa jirani yake pia. Wazee wote wa Kinyamwezi hawajakata hata mua mmoja, na wengine wote wamekata! Nikampigia mzee Maganga. Shikamoo, marahaba, kisha akasema, "Ujumbe niliuona. Lakini mwanangu, ujumbe gani ule, 'Mpendwa mkulima, tunakujulisha'? Hakuna tusi hata moja! Nikajua hawa ni wale matapeli wa tuma-kwa-namba-hii. Nikafuta."

Ndipo nikausoma ule muhtasari. Kumbe wewe uliandika salamu za aina tatu. Wazee unawaamkia shikamoo, vijana unawauliza mambo vipi, na Wanyamwezi, watani zako, unawatukana moja kwa moja, halafu unaweka jina lako mwisho. Msaidizi akaona lugha ile inawadhalilisha wateja, akaiondoa pamoja na jina, akaweka ustaarabu. Simlaumu. Ruhusa nilimpa mimi.

Ikabidi nimfundishe utani. Nikamweleza kwamba tusi la mtani ni heshima, na asiyekutukana hakujui. Nikamweleza kwamba siku ya mazishi yako nilisimama mlangoni kwenu, kijijini Ulaya, si ile ya Wazungu, nikalizuia jeneza, nikasema hatoki mtu hapa mpaka nipewe jogoo, na watu wakacheka huku wanalia, nami nikacheka huku nalia zaidi yao. Nikamwandikia, aliyeandika programu hii ndiye aliyekuwa ndani ya jeneza hilo. Akajibu, pole sana kwa msiba. Kwa mara ya kwanza tangu uondoke nilikuwa nimeandika kwamba umefariki.

Alikuwa tayari kuyarudisha matusi yako kama yalivyokuwa. Mimi ndiye niliyesita. Marehemu hatumi ujumbe. Mzee Maganga alishika koleo la mchanga kaburini kwako. Ningemtumiaje tusi lenye jina lako? Na kumtukana mwenyewe siwezi, mimi ni Mnyamwezi mwenzake, hilo lingekuwa tusi kweli. Nikamwomba msaidizi atunge. Akaandika kwamba Mnyamwezi ni mchelewaji kama kobe. Kobe! Nikamwambia apumzike.

Zamu nyingine ya lori ilikuwa inakuja. Nikapanda bodaboda hadi Ulaya, kwa mama yako. Tangu arobaini alikuwa haongei, Mwanahawa. Anajibu salamu, anakaa. Nikamwamkia, nikamweleza yote, la kobe pia. Akanisikiliza huku anachambua choroko. Nikadhani nimemuudhi. Kisha akauweka ungo chini.

"Andika," akasema. "Mwambie Maganga, asipokata miwa kabla ya Jumatano tutamrudisha Tabora kwa miguu, na mzigo kichwani, kama alivyokuja babu yake."

Akacheka. Akatoa jingine la jirani yake Maganga, siliandiki hapa, wewe umelazwa kati ya watu wa heshima. Mama yako alikuwa anacheka na kujifuta kwa ncha ya kanga, na anaongeza jingine. Sasa nimejua ulikotoa ulimi ule.

Nikamuuliza mwisho tuweke jina gani. Akanishangaa.

"Langu," akasema. "Mama Mwanahawa."

Ujumbe umekwenda hivyo. Jumatano lori limekuta miwa imelala chini kwa wazee wote, na viongozi wa chama hawataji tena watu wa Morogoro. Mzee Maganga alinipigia akicheka, akaapa kulipiza. Kisha akasema jina ameliona.

Lala salama, mtani. Nakuahidi kila siku ya lori nitamsomea mama yako majibu ya wazee kwa simu, yote, hata yale mabaya, na nitamwandikia atakayosema. Maadamu miwa inakatwa Kidodi, kuna mzee atalifungua tusi lake asubuhi, na jina lako litakuwa hapo mwisho.

Mnyamwezi wako,
Shabani