Barua Yako Niliyoikuta Katika Makaratasi ya Baba

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Habari za huko, habari za baridi, habari za kazi? Shemeji hajambo? Na mapacha, wameacha kugombania kiti cha dirishani? Sisi huku tu wazima. Macho ya Mama yamezidi kupungua nguvu, lakini masikio, Kaka, bado yanamsikia mtu akifungua kopo la sukari chumba cha pili.

Najua hupendi habari za Baba. Miaka yote hii nimekuandikia nikimruka. Leo siwezi. Nivumilie.

Unakumbuka tulikubali makaratasi yake yapelekwe maktaba kuu? Maboksi kumi na moja. Mwezi uliopita mtunza nyaraka aliniita nimsaidie kutambua watu kwenye picha, na miandiko. Ni mama mmoja mpole, anavaa glavu nyeupe na kushika kila karatasi kama kitoto kichanga. Barua za watoto waliosoma vitabu vya Baba zimejaza maboksi mawili peke yake. Mmoja anauliza kama waandishi huwa wana meno yote.

Siku ya tatu nikaikuta yako.

Karatasi ya daftari la hesabu, imekunjwa mara nne. Niliujua mwandiko kabla sijasoma neno, maana ni wewe uliyenishika mkono nikajifunza kuandika. Ilihusu kile kitabu cha Baba cha mtoto kikojozi, ambaye shule nzima ilijua ni wewe. Umeandika: “Mpendwa Bwana Mwandishi, naomba Kidimbwi aache kukojoa kitandani kwenye kitabu kingine. Watoto wanacheka sana. Asante. Msomaji wako.” Jina hukuweka. Stempu ulibandika. Kumbe uliituma hadi kwa mchapishaji, naye akaileta nyumba ile ile ilikotoka.

Mimi pia nilikuita Kidimbwi. Nilikuwa mdogo, nikadhani ni jina zuri. Nisamehe.

Nyuma yake Baba ameandika kwa penseli: “Mwandiko huu naujua. Nimefanya nini?” Imebanwa kwa pini pamoja na nakala ya barua aliyompelekea mchapishaji wiki hiyo hiyo, akiomba kitabu kile kisichapwe tena. Mchapishaji alikataa, akisema ndicho kinachopendwa kuliko vyote. Baba akaandika tena, na tena, mpaka wakakubali. Nasi tulidhani watu wamekichoka!

Chini yake kuna karatasi saba. Zote zimeanza “Mpendwa Msomaji wangu,” na zote zimeishia mstari wa pili.

Kaka, nilikasirika. Chumba chako kilikuwa hatua sita kutoka mezani kwake. Kwa nini hakuinuka?

Mtunza nyaraka aliniona nimeishikilia muda mrefu.

“Mzee anasema anaujua mwandiko huu. Na wewe je?”

“Hapana,” nikasema.

Neno lilinitoka lenyewe. Nafikiri nilikuona ukichekwa upya, na watu wapya. Akaandika kwenye orodha yake: mtoto asiyejulikana. Nilirudi nyumbani.

Nilikuwa nimeinakili, nikamsomea Mama. Alipapasa ukingo wa kitambaa cha meza.

“Mwoga yule,” akasema. “Mwoga kabisa.”

Kisha akalia, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye mazishi. Alipotulia akaniambia, “Kesho urudi ukaseme ni nani. Mwanangu si mtoto asiyejulikana.”

Nikarudi. “Namfahamu,” nikamwambia mtunza nyaraka. “Ni kaka yangu. Yuko hai, na alichekwa vya kutosha.”

Hakunidadisi. Alifuta yale maneno kwa raba. “Basi hazionyeshwi kwa mtu mpaka mwenyewe aseme,” akajibu. Barua yako na zile karatasi saba akazitia kwenye bahasha moja, akaifunga, akaandika juu jina lako. Hairuhusiwi kufunguliwa na mwingine, hata mimi.

Sikuambii umsamehe Baba. Mimi mwenyewe bado sijamaliza naye. Ukisema zichomwe, nitasimama pale mpaka ziishe kuungua. Ukisema watu wasome, nitasaini. Uamuzi ni wako, na hakuna anayekuharakisha.

Lakini sikuweza kukaa na jambo hili peke yangu. Ulikuwa na miaka tisa, ukaomba, na ukasikilizwa wiki ile ile barua ilipofika. Ila hakuna aliyekwambia.

Msalimie sana Shemeji, uwabusu mapacha mmoja mmoja wasije wakalalamika. Mjomba fundi saa anakusalimia, na shangazi pia, ambaye bado anauliza kama unakula. Mama anasema Mungu akutangulie kila mlango unaoingia, na akulinde nyuma kila unapotoka.

Wako akupendaye,
Mziwanda