Sabuni Uliyonitumia

Mdogo wangu wa moyoni,

Sisi wazima, Mungu ni mwema, na sabuni yako ilifika jana. Unakumbuka nilivyolalamikia gundi ya viatu pale kiwandani, tunavyofunga madirisha upepo usiikaushe? Nilimwomba Mungu aniondolee ile harufu. Ikaondoka, nikatoa shukrani mbele ya waumini wote. Basi jana nikanusa sabuni yako, sikusikia kitu. Binti yangu akacheka: “Mama, si inanukia nyumba nzima!” Kumbe gundi iko palepale, pua ndiyo iliyokufa.

Usilie. Leo nimefungua dirisha. Msimamizi akafoka, “Gundi itakauka!” Nikamjibu, “Ikauke, baba. Gundi inanunuliwa, pua hainunuliwi.” Wenzangu wakafungua mengine.

Sabuni nitaiogea kwa raha. Wewe niandikie tu inanukiaje.

Dada yako akuombeaye