Ukuta Nilioupaka Rangi

Jumatatu, 3 Februari

Ninaandika shajara hii kwa sababu moja. Mkataba wangu wa uofisa majengo ni wa miezi sita, na siku nitakapoulizwa nilifanya nini katika chuo hiki cha ufundi, nataka niwe na jibu lenye tarehe.

Leo ukaguzi wa majengo, kama kila Jumatatu. Bweni la wasichana: vitasa viwili havifungi. Jiko: bomba linavuja. Ukumbi: salama, ulipakwa rangi mwaka jana na bado unapendeza. Karakana ya uashi: hali mbaya. Ufa wa ukuta wa kaskazini umeanzia kwenye msingi na kupanda hadi karibu na kenchi za paa. Vidole vyangu vinaingia. Juu ya ufa huo, kutoka chini hadi usawa wa macho, kuna viraka vyembamba vya saruji vilivyobandikwa kimoja baada ya kingine, vimekwaruzwa kwa msumari na karibu vyote vimekatika. Mazoezi ya wanafunzi, nadhani. Vinatia aibu.

Wakaguzi wa mwaka jana waliagiza kwamba karakana isipokarabatiwa kufikia Juni, ifungwe. Ikifungwa, fani ya uashi imekwisha, maana hakuna pengine pa kuifundishia. Wanafunzi watapewa nafasi katika chuo cha mkoa mwingine. Najua wengi hawatakwenda.

Wizara inatoa fedha za ukarabati wa vyuo vya ufundi kwa maombi. Andiko la chuo chetu nimeliandika mimi. Mkuu wa chuo, Mama Nzunda, alilitia saini mwezi uliopita bila kubadilisha hata neno moja. Siku hiyo nilirudi ofisini nikijizuia kurukaruka.

Alhamisi, 6 Februari

Barua imefika. Tumo katika orodha ya awali. Timu ya uhakiki itakuja Jumatano ijayo kulinganisha andiko letu na hali halisi. Jengo litakalokutwa tofauti na lilivyoelezwa litaondolewa katika mpango. Nimeisoma barua mara tatu, hasa pale palipotajwa jina la chuo chetu.

Mama Nzunda aliitisha kikao. Alisema wageni wakute mazingira nadhifu. Hakuhitaji kufafanua, hapa ugeni una utaratibu wake. Mawe ya njiani yapakwe chokaa. Nyasi zifyekwe. Vitambaa vya meza vitoke kabatini. Nikanyoosha mkono, nikaomba nisimamie majengo yote. Walimu wakanipigia makofi. Niliyafurahia kupita kiasi.

Mwalimu Simkoko pekee hakuwepo. Ndiye mwalimu mkongwe wa uashi. Yuko Isongole kwenye msiba wa shemeji yake.

Jumamosi, 8 Februari

Siku bora kabisa tangu niajiriwe.

Stoo kulikuwa na ndoo nne za rangi ya krimu zilizobaki kutoka ukumbini. Darasa zima la uashi lilijitokeza na ovaroli. Tuliziba ufa kwa saruji, tukapiga lipu nyembamba juu ya vile viraka, tukasubiri ikauke, tukapaka rangi mara mbili. Mvua ilitusubiri tumalize. Wanafunzi waliimba pambio moja mpaka nikaacha kuandika orodha ya vifaa nikaimba nao.

Kiongozi wa darasa ni Siame, binti kutoka Mbangala mwenye ulimi mwepesi. Mapema aliniuliza, "Madam, na hivi viraka vya Mwalimu je?" Nikamjibu kwamba wageni hawaji kutazama viraka. Alitaka kuongeza neno, akaghairi. Jioni, rangi ilipokwisha kukauka, alisimama mbali akiwa ameshika kiuno. "Madam, ukuta umetokelezea. Ungekuwa mtu, ungechumbiwa kabla ya Pasaka."

Nilipiga picha nikamtumia Baba, kijijini kwetu Hasamba. Akapiga simu hapo hapo, sauti za watu wakipalilia kahawa nyuma yake.

"Huu si ndio ule ulisema umepasuka?"

"Ndiyo, Baba. Tumeurekebisha."

"Sasa hizo fedha mnaomba za nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Nilisikia swali la Baba.

Mchana nilitoa barua ya wizara. Jengo litakalokutwa tofauti na lilivyoelezwa litaondolewa. Andiko langu linasema ufa. Ukuta unasema hakuna kitu.

Nimeficha ugonjwa siku ya daktari. Mimi, mwenye shahada ya ujenzi. Ninaogopa.

Jumatatu, 10 Februari

Mwalimu Simkoko amerudi. Nilimkuta mbele ya ukuta, kofia mkononi, kama aliyefika msiba wa pili.

Nikamwamkia. Akaitikia, akaupitisha mkono juu ya rangi taratibu. "Injinia," akasema, ingawa bado sijasajiliwa, "mmepaka vizuri. Kona zimenyooka."

Ningependa anikaripie.

Kisha akanieleza. Kila mwaka, somo la kwanza la wanafunzi wapya ni kubandika kiraka kimoja chembamba cha saruji, kukatisha ufa, na kukwaruza tarehe juu yake kwa msumari. Saruji nyembamba haijui kuvumilia. Ukuta ukitulia, kiraka kinabaki kizima. Ukisogea, kinakatika. Hivyo kila darasa linaanza kwa kusoma kiraka cha darasa lililotangulia. Ndivyo anavyowafundisha kwamba jengo ni kitu kinachotembea. Miaka kumi na moja, viraka kumi na moja. Ushahidi wote ambao andiko langu lilikuwa likiutafuta kwa kurasa nyingi ulikuwa ukutani, umeandikwa na wanafunzi wenyewe. Nikaupiga lipu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Hukuuliza, mwanangu. Ulipita na kompyuta."

Haya yanauma kwa sababu ni kweli.

Tumekubaliana: kesho, siku nzima, tukwangue. Wageni wanakuja keshokutwa. Mama Nzunda sijamwambia. Nitamwambia kazi ikiisha. Huo ni woga, naujua.

Jumanne, 11 Februari

Saa mbili na robo asubuhi. Siame alikuja mbio: gari la serikali liko getini. Timu ilimaliza mapema kazi yake Mbozi, ikaona isipoteze siku. Hatukuwa tumekwangua hata inchi moja.

Watu watatu. Kiongozi wao, Mhandisi Komba, mama mrefu mwenye buti za matope. Alikataa chai. Alikataa hata kuketi. Vitambaa vya meza vilitazamana vyenyewe. Akasema aanze na karakana ya uashi, kwa kuwa andiko linasema ndiyo yenye hali mbaya zaidi.

Tulipofika, alifungua andiko, akatazama ukuta, akatazama andiko. Akarudia. Mwenzake akakohoa kidogo. Nilimwona Mama Nzunda akigeuka kunitazama, na nikaona kwamba ameelewa.

Barabarani malori yalikuwa yakipanda kuelekea mpakani mwa Zambia. Nilihesabu matatu.

Nilikuwa na sentensi nzuri tayari. Ilianza na "Kwa muktadha wa hatua za awali za uzuiaji." Ningeweza kuimaliza. Badala yake nikasema: "Mhandisi, ufa upo. Niliuficha mimi Jumamosi, ili mpate picha nzuri ya chuo. Nilikosea. Ninaomba dakika ishirini na kikwangulio."

Mhandisi Komba alifunga andiko. "Uliupaka rangi ukuta uliouombea fedha?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Akatazama saa yake. "Basi usisimame, mama. Mara mbili ni kazi."

Sikuwahi kukwangua lipu katika maisha yangu. Shahada yangu haikunifundisha. Siame alinishika mkono akanionyesha pembe ya kushikia, na darasa zima likaingia kazini kwa vikwangulio, patasi na visu vya mezani. Rangi ilidondoka kama maganda ya vitunguu. Mwalimu Simkoko alizunguka akisema neno moja tu, taratibu, taratibu, viraka visivunjwe.

Cha kwanza kikatokea. Tarehe ya miaka kumi iliyopita, herufi za mtu asiyejua bado kushika msumari. Kimekatika katikati. Cha pili, kimekatika. Cha tatu. Wanafunzi wakaanza kuzisoma tarehe kwa sauti, mmoja mmoja, na kila moja ikifuatiwa na neno "kimekatika," darasa zima kwa pamoja. Hakuna aliyewapangia. Mhandisi alichuchumaa mbele ya ukuta, akatoa rula, akaanza kuandika. Wenzake wakapiga picha. Hata dereva aliacha gari lake akaja.

Cha mwisho kilikuwa cha mwaka huu, cha mwezi uliopita.

"Na hiki?" aliuliza Mhandisi.

Mwalimu Simkoko akavaa miwani. "Hicho nacho kimekata tamaa, mheshimiwa."

Mhandisi Komba alicheka hadi akashika ukuta, kisha akauachia haraka, akakumbuka ni ukuta gani. Hapo tukacheka wote. Mama Nzunda alicheka mwisho, lakini alicheka.

Kabla ya kuondoka, Mhandisi aliniuliza kwa nini ukuta unasogea. Nikamweleza nguvu za udongo, na nikaeleza vizuri. Akamgeukia Mwalimu, naye akaonyesha juu kwa kidole. Karakana haina mfereji wa paa. Maji yote ya bati yanamwagika mguuni mwa ukuta huo. Andiko langu halina neno mfereji. Nimepewa siku tatu kulirekebisha.

Usiku huu ningepaswa kuwa na aibu. Ninayo. Lakini zaidi nina furaha, na mikono yangu ina malengelenge.

Ijumaa, 14 Februari

Andiko limetumwa tena. Limepungua. Mifereji, mtaro wa maji, kuimarisha msingi, kisha ukuta. Rangi mwisho. Kiambatanisho ni mchoro wa viraka vyote kumi na moja na tarehe zake. Nimechora mwenyewe, na chini nimeandika majina ya madarasa yaliyovitengeneza. Mwalimu Simkoko alilisoma lote akiwa amesimama. Alirekebisha kipimo kimoja. Alikuwa sahihi.

Mama Nzunda aliniita. Alinikaripia kwa dakika tano kwa kutomwambia mapema. Nilistahili kumi. Kisha akanimiminia chai ya wageni iliyobaki kwenye chupa tangu kikao cha asubuhi.

Jioni Mwalimu alinipa msumari. Darasa lilikuwa limebandika kiraka cha kumi na mbili. Nikakwaruza tarehe ya leo. Saba yangu imepinda.

Nilisahau kueleza. Leo ni kumi na nne, hakuna saba ndani yake. Nilianza kwa kuandika tarehe 7, Siame akanizuia. "Madam, hiyo imeshapita." Alama yake bado ipo.

Jumanne, 4 Machi

Kimya kutoka wizarani.

Mvua kila siku. Nimenunua kikwangulio changu mwenyewe Tunduma mjini. Muuzaji alinidhania Mzambia akanisalimia kwa Kibemba, "Mulishani." Nikamjibu kwa Kinyiha, lugha ya kwetu, ili ashangae. Alishangaa, kisha akanijibu kwa Kinyiha kizuri kuliko changu.

Alhamisi, 27 Machi

Kimya bado. Wanafunzi hawaulizi tena kwa mdomo. Wananitazama nikipita na bahasha yoyote. Siame ameanza kuuliza nauli ya kwenda chuo kile cha mbali, kisha anasema anatania. Hatanii.

Mkataba wangu unaisha Julai. Leo nimegundua kwamba siku nzima sikuuwazia. Niliiwazia karakana.

Jumanne, 15 Aprili

Kiraka cha kumi na mbili kimekatika. Ufa mwembamba kama unywele, umepita kati ya moja na nne, katika mwandiko wangu. Nimeandika barua fupi ya taarifa kwa Mhandisi Komba na kuambatanisha picha. Hakuna maelezo ya ziada. Sijawahi kutuma picha ya kazi yangu iliyovunjika kwa moyo mwepesi namna hii.

Jumanne, 22 Aprili

Tumepata.

Tumepata yote: mifereji, mtaro, msingi, ukuta. Mama Nzunda alisoma barua kwenye mkusanyiko wa asubuhi kwa sauti yake ya matangazo ya kawaida, kama anayetangaza ratiba ya chakula, na alipofika kwenye neno karakana sauti ikamkatika. Darasa la uashi lilivamia mlingoti wa bendera kwa shangwe. Siame alimbeba mpishi. Mpishi si mwepesi.

Kazi itafanywa na mafundi wa hapa hapa chini ya walimu wetu, na wanafunzi wa uashi watafanyia mafunzo yao ya vitendo humo humo. Karakana haifungwi. Watapajenga wenyewe mahali wanapojifunzia kujenga.

Nilimpigia Baba. Akasema, "Basi safari hii usipake rangi kwanza." Nikasikia akiwahadithia waliokuwa shambani. Nikasikia wakicheka. Kahawa yote ya Hasamba sasa inajua kisa changu, na sijali hata kidogo.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua imepungua. Nimezunguka majengo, ingawa si Jumatatu. Vitasa vya bweni vinafunga. Bomba la jiko halivuji.

Karakana ilikuwa tupu. Vifaa vimehamishiwa ukumbini, na harufu ya saruji imebaki. Mwalimu Simkoko alikuwa peke yake, akivitoa viraka ukutani kwa patasi kabla mafundi hawajafika, kimoja kimoja, bila kuvivunja zaidi. Anataka vipangwe kwenye rafu ya darasa. Nilimshikia ubao wa kuviwekea.

Cha kumi na mbili alinipa mimi. Kiko mezani ninapoandika haya, vipande viwili.

Makabidhiano ya eneo la kazi: mimi, Mwalimu Simkoko, Siame na darasa lake, mbele ya ukuta wa kaskazini. Nilimuuliza Mwalimu nije na nyaraka zipi. Akasema nije na ovaroli.

Tunakutana Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi.