Nywele za Msiba Kwenye Ndoano

Juliana, acha unachofanya usome hii. Yaani bado siamini.

Babu Asukile kasimulia mezani, mbele ya wakwe, tunakula samaki. Anacheka!

Mwaka 1956 alikuwa akimbebea mzungu mmoja fimbo za kuvulia samaki wa trauti kwenye vijito vya Kiwira. Ndoano zao hufungwa manyoya zifanane na wadudu. Siku hiyo manyoya yakaisha.

Bibi Tusekile alikuwa amefiwa na mama yake, kanyolewa, nywele ziko kwenye jani la mgomba zikisubiri kufukiwa mchawi asizipate. Babu akazichukua. Nywele za msiba, Juliana! NYWELE ZA MSIBA! Akazifunga kwenye ndoano.

Mzungu akampa samaki wawili. Akampelekea Bibi. Bibi akala.

Zile nywele Bibi alizitafuta mpaka akaamini karogwa. Akamshuku wifi yake Sekela, dada wa Babu mwenyewe. Hawakusalimiana tena mpaka Sekela anaingia kaburini. Babu kimya miaka yote.

Leo Bibi kasukuma sahani, kauliza kwa sauti ndogo: "Kwa hiyo Sekela hakuzichukua?"

Babu akasema, "Lakini samaki walizipenda kweli," akaendelea kunyonya mwiba.