Si Maziwa ya Shangazi Paskazia

Kharumwa, Nyang'hwale
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Benjamini,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Songwa, wewe na wifi Martina na watoto. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, na umwulize kama magoti yamepata nafuu tangu mvua zikatike. Sisi huku tunaamka na kulala. Watoto wanakwenda shule. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha. Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Nimebonyeza jina lako zaidi ya mara moja, nikakata kabla hujapokea. Anayekuletea ni Nasibu, mfanyabiashara wa mchele anayekuja mnada wa huko kwenu.

Habari za shemeji yako Donatus ulizipata nusu, kwamba alianguka na sasa anaendelea vizuri. Haendelei vizuri. Upande wote wa kulia, mkono na mguu, ni kama si wake. Ukimfinya hasikii. Maneno yamebaki mawili matatu. Namgeuza, namlisha uji, nafua, namgeuza tena. Watu wananisifu kwamba nina moyo. Sijui nina nini, kaka. Tangu siku ile sijalia. Mwili unafanya kazi, nami nauangalia.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana wahudumu wa afya walikuja machimboni kupima watu, Donatus akakutwa presha iko juu. Alicheka. Alisema presha ni ugonjwa wa matajiri wenye vitambi; yeye ni mwembamba kama mpini wa sururu, na mtu anayeshinda chini ya shimo akipasua mwamba hawezi kuwa na mishipa mibovu. Nilimbembeleza mpaka akaenda hospitali. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku, akaambiwa aache sigara na apunguze chumvi. Sigara hakuacha. Chumvi aliendelea kuinyunyiza juu ya dagaa ambao tayari wana chumvi yao. Lakini vidonge alimeza, nilimsimamia mwenyewe, na presha ikashuka.

Halafu Pasaka ukaja wewe. Ulikuja na zile chupa unazouza minadani, za majani na kitunguu saumu na limau. Ulimwambia kwamba vidonge vya hospitali vinamfanya mtu mtumwa maisha yake yote, ila dawa yako inazibua mishipa na kuisafisha moja kwa moja, kama mtu anavyozibua bomba. Ulisema kwa upendo. Nilikuwepo, nasonga ugali. Akanywa, akasema kichwa kimekuwa chepesi, haumwi popote, basi amepona. Vidonge akaviacha. Nilipomwuliza alinijibu kwamba mtu mwenye akili hamezi dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Siku aliyoanguka alikuwa ametoka kwa shangazi yake Paskazia, jirani yetu. Unamkumbuka, yule mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Alikuwa amempa maziwa ya mgando. Donatus akarudi, akakaa mlangoni avae buti za kazi, mkono ukakataa. Akaniangalia. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Nilidhani ananitania.

Hospitali daktari alisema mshipa wa damu umepasuka kwenye ubongo kwa sababu ya presha. Nikamweleza kuhusu chupa. Hakunikaripia. Alisema presha mara nyingi haiumi, ndiyo maana inadanganya. Mgonjwa alijiona mzima kwa sababu vidonge vilikuwa vikifanya kazi, si kwa sababu ugonjwa ulikuwa umekwisha, na hakuna kinywaji kinachoingia kwenye mishipa kuifagia. Nilimsikiliza kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Tuliporudi nyumbani, Ndaki, kaka yake Donatus, alisema mwanamume mwenye nguvu vile hapoozi hivihivi. Ametupiwa kitu, na maziwa ndiyo njia kilimopitia. Akaenda kwa mganga, akarudi ana uhakika. Watoto wakakatazwa kupita kwa shangazi. Mtu akafyeka migomba yake. Mchana mmoja alikuja kwangu, akasimama nje, akaniuliza, "Mayu, mama yangu, na wewe unaamini?" Nilikuwa nimeshika beseni, nikaendelea kulishika.

Wiki iliyopita Ndaki akaitisha kikao cha ukoo, na sungusungu wakaalikwa. Wanaume wawili walikaa nyuma na mapanga kama watu waliotoka shamba, lakini hakuna aliyetoka shamba. Paskazia akatakiwa akiri. Alisema hana la kukiri. Wale wawili wakainuka.

Hapo nikasimama. Nikawaambia kwamba Donatus alikuwa na presha na aliacha dawa, na daktari ameona mshipa uliopasuka. Ndaki akaniuliza ni nani aliyemwambia aache. Ningeweza kusema hakuna mtu. Wangesema namkingia kifua mchawi. Kaka, nilikutaja. Nilisema, "Ni kaka yangu Benjamini, wa tumbo moja na mimi."

Wanawake walishika vinywa. Paskazia wakamwacha aende kwake. Yuko hai, jana nilimwona akianika michembe ya viazi. Sasa wanakusubiri wewe. Ndaki amesema uje ueleze mbele ya watu, na usipokuja, watarudi kwenye maziwa. Namjua, hatanii. Mwenyekiti wa kijiji ameahidi kuwepo ili usiguswe.

Sikuandikii kukulaumu. Hasira nimeitafuta, siioni. Najua ulimpenda. Najua pia wewe mwenyewe unakunywa ile dawa yako, na baba yetu alianguka vilevile kisimani, tukasema ni jua. Kabla hujapanda basi, pita kituo cha afya wakupime. Na usimwuzie tena chupa mtu yeyote anayemeza vidonge. Halafu njoo, useme kwa mdomo wako ulichomwambia Donatus.

Nimempa Nasibu karanga amletee wifi Martina. Ni za shamba letu. Wapwa zako wanakusalimia sana. Hawajui lolote. Wakikuona watakukimbilia, nawe wapokee tu kama siku zote. Kikao ni Jumamosi. Nitakaa benchi moja na wewe. Sijui kama nitaweza kusema kitu tena, lakini nitakaa.

Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Sesilia